Kipa Asiyeona Pembeni

Goli la tatu ndilo lililowasha moto.

Mpira ulitoka upande wa kulia, krosi ya kawaida kabisa, ya kupaa taratibu kama ya mazoezi. Vitalis, golikipa ambaye Newala nzima ilimwita Ukuta, alisimama palepale akitazama mbele kama mtu anayesubiri basi. Hakuruka. Hakunyoosha hata mkono. Mshambuliaji wa Masasi akaugusa kwa kichwa, wavu ukacheza, na ndipo Vitalis alipogeuka kumtazama beki wake.

"Mpira umetokea wapi?"

"Umetokea wapi!" beki akarudia, mikono kichwani. "Unaniuliza mimi?"

Sauti ya kwanza ikatoka nyuma ya kamba. "Kauza! Huyo kauza mechi!" Ya pili ikaidaka, na kufumba na kufumbua uwanja mzima ulikuwa unaimba neno hilohilo moja, wazee kwa akina mama, hata waliokuja kuuza karanga. Kufungwa na Mtwara watu wangevumilia. Kufungwa na Masasi, nyumbani, kwa magoli ya namna ile, lilikuwa jambo jingine.

Vitalis alijua hajauza kitu. Lakini alijua pia kwamba hakuuona ule mpira, na hilo lilimtisha kuliko kelele za watu.

Alikuwa mkulima wa korosho wa Makote, mtu mrefu, mwenye mikono iliyofunika mpira kama sahani inavyofunika kikombe. Msimu wa kupulizia ulipofika, yeye ndiye aliyebeba mashine mgongoni na kupita shamba hadi shamba, akirusha salfa, dawa ya ukungu, kwenye mikorosho ya watu. Vumbi lile la njano humwingia mtu hadi kwenye ndoto. Jioni macho yake yaliwaka kama yamepakwa pilipili. Zamani kidogo, mganga wa zahanati alimpa kichupa cha matone, akamwambia atumie kwa muda mfupi tu. Matone yakamtuliza. Kichupa kilipoisha, kikawa kimeisha, kwa sababu siku zile hata sabuni ilikuwa ya kutafutwa kwa kujuana.

Kisha ikaja ruksa ya biashara huria. Wanunuzi binafsi wa korosho wakapanda Newala na malori yao, maduka yakajaa, na Sultani, mfanyabiashara aliyeanza na nguo za mitumba, akafungua duka la dawa karibu na soko. Pale kwenye rafu, mbele ya peremende, Vitalis akaviona vichupa vilevile vimejipanga. Hakuna aliyemuuliza cheti cha daktari. Tangu siku hiyo hakukosa kichupa mfukoni. Na Sultani, ambaye ndiye aliyeinunulia timu jezi na viatu, alikuwa na moyo mpana: wachezaji aliwapa bure.

Ni mwaka uliopita ndipo vitu vilipoanza kumtokea Vitalis ghafla. Mbuzi. Baiskeli. Ukingo wa mlango. "Baba Mabel," mkewe Agatha alimwambia mara moja, "unanipita njiani kama hatujuani." Yeye alicheka. Akitazama mbele aliona vizuri, hata namba mgongoni mwa mchezaji aliye mbali aliisoma. Mtu anayesoma namba ya mbali atasemaje macho yake mabovu?

Filimbi ya mwisho ilipolia, watu walikata kamba wakaingia uwanjani. Wenzake walimzunguka, wakamvuta mbio hadi kwenye stoo ya uwanja, kijichumba cha kuwekea nyavu na chokaa, wakamsukumia ndani na kufunga mlango. Nje mawe yalianza kulia juu ya bati.

Mlango ukafunguka kidogo. Akapenya mwanamke mfupi aliyevaa gauni la kitenge, begi la ngozi kifuani kama aliyebeba mtoto.

"Mimi ni Daktari Claudia," alisema, akihema. "Wa macho. Nafanya kazi Masasi. Nilikuja kwa kliniki ya hapa, dereva wangu Bwanali akaniomba tupitie mpira. Nimekaa nyuma ya goli lako. Naomba unitazame pua."

"Nikutazame nini?"

"Pua. Usiyatoe macho hapo."

Vitalis aliitazama. Daktari, mzaliwa wa Bukoba, aliongea haraka na kwa lafudhi iliyopanda mwishoni mwa kila neno, lakini mikono yake ilikuwa na utulivu. Alinyoosha mkono mmoja pembeni, mbali.

"Ukiona vidole vyangu, niambie."

Vitalis alingoja. Nje mtu alikuwa anapiga teke mlango. Alingoja tena. Alidhani daktari bado hajaanza.

"Sasa," alisema hatimaye, vidole vilipochomoza karibu kabisa na pua ile.

Daktari akabadilisha mkono. Akarudia upande wa pili, akarudia juu, akarudia chini. Kisha akatandika nyavu za goli sakafuni, akamlaza hapo, akamtia matone ya kutia ganzi, na kutoka kwenye begi lake akatoa chombo kidogo cha chuma chenye mshale. "Hiki kinapima presha ya jicho. Hakiumi. Usibane." Chuma kikakaa juu ya jicho, kikitekenya kwa ubaridi. Akapima la kulia, akapima la kushoto, akarudia la kulia. Halafu akawasha kitochi chake cha kuchungulia ndani ya jicho, akasogea hadi pumzi zao zikachanganyika.

"Unatumia dawa yoyote ya macho?"

Vitalis akatoa kichupa mfukoni. Daktari akakisogeza kwenye mwanga wa upenyo wa mlango, akasoma, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyeokota funguo alizozitafuta nyumba nzima.

"Tangu lini?"

"Tangu duka la Sultani lifunguliwe. Kila siku. Yanatuliza."

"Yanatuliza, ndiyo. Kaa, nikueleze vizuri." Wakaketi juu ya nyavu, wakitazamana. "Ndani ya jicho kuna maji yanayoingia na kutoka. Dawa hii ina kitu kinachoitwa steroidi. Mtu akiitumia kwa muda mfupi, akiangaliwa, ni dawa nzuri. Akiitumia bila kikomo, kwa baadhi ya watu njia ya maji kutokea inaziba. Presha inapanda, inakandamiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa huo unaanza kufa pembeni, katikati unabaki mzima. Ndiyo maana hukujua. Tunaiita glakoma."

"Nikiacha dawa, pembeni patarudi?"

"Hapana."

Alilitamka neno hilo bila kulizungusha, akimtazama usoni, na ajabu ni kwamba Vitalis alilishika kama mpira uliopigwa moja kwa moja kifuani. Liliuma, lakini alijua liko wapi.

"Kilichopotea kimepotea," daktari aliendelea. "Kilichobaki ni kingi, na ninaweza kukipigania. Ila tusichelewe."

Hapo ndipo Sultani alipoingia, kofia mkononi, jasho linamtiririka. Aliona chombo, akaona uso wa mchezaji wake, akaelewa nusu. "Daktari, kama macho yake mabaya, toka uwaambie watu! Waambie huyu kipofu, yaishe! Wataichoma stoo hii!"

"Siwezi."

"Huwezi nini? Maneno mawili tu!"

"Ninachokiona ndani ya jicho la mtu ni chake," alisema Claudia. "Akiniruhusu nitasema. Asiponiruhusu, mnaweza kuvunja mlango, nitakaa hapa naye."

Vitalis alimtazama mwanamke yule aliyekutana naye muda mfupi uliopita. Akafikiria. Msaliti au kipofu: hayo ndiyo majina mawili yaliyokuwa yakimngoja nje. Msaliti, watu wangesahau baada ya msimu. Kipofu, nani angempa tena mashine ya kupulizia, nani angempa tena goli? Lakini mtoto wake Mabel alikuwa anasoma shule ya jirani na uwanja. Mabel angeyasikia yale ya kuuza mechi kila siku njiani.

"Nitasema mwenyewe," akasema, akafungua mlango.

Kelele zilimpiga kama upepo. Akapanda juu ya pipa la maji lililokuwa tupu, kama mapipa mengi ya Newala yenye shida ya maji, na akapaza sauti ambayo mabeki wake waliijua.

"Nani ana jiwe?"

Watu wakashangaa, wakapunguza sauti.

"Nauliza, nani ana jiwe mkononi? Njoo nalo hapa! Wewe, ndiyo, wewe mwenye shati la mistari. Njoo. Sikupigi."

Mtu wa shati la mistari akasukumwa mbele. Vitalis akashuka, akasimama naye ana kwa ana. "Inua jiwe lako pembeni mwa sikio langu. Usinirushie. Lilete mbele polepole. Mimi natazama bendera ile ya kona. Nikiliona nitasema. Na nyie wote tazameni jiwe liko wapi nikisema."

Mkono ukaanza kusogea. Ulipita sikio. Ulipita shavu. Watu walianza kunong'ona. Ulipita kona ya jicho, na mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Mungu wangu, halioni!" Mkono ukasogea, na kusogea.

"Sasa," akasema Vitalis.

Jiwe lilikuwa karibu na ncha ya pua yake.

Sauti iliyotoka kwenye umati ule haikuwa ya hasira tena. Ilikuwa "aaah" moja ndefu, ya watu wote pamoja, na jiwe likaanguka chini lenyewe. Agatha alikuwa ameshafika, kanga imemwanguka begani; akapasua njia akamshika mumewe mkono, akamtambua mlangoni yule daktari wa macho wa Masasi, akauliza swali moja tu: "Tunaondoka saa ngapi kwenda Masasi?"

Waliondoka kesho yake, kwenye gari la daktari, Bwanali akiendesha huku akiomba radhi kwa kushangilia magoli yote matatu.

Masasi mambo yalikwenda mbio. Matone ya Sultani yalitupwa, yakaja matone mengine ya kushusha presha, na Agatha akawa ndiye saa ya nyumba: asubuhi, jioni, lala chali, fungua jicho. Kila walipokwenda kupimwa, moyo wa Vitalis ulidunda kama wakati wa penalti. Jicho la kushoto likatii. Presha ikashuka hadi daktari akapiga makofi mwenyewe, akasahau kwamba kuna foleni nje. La kulia likagoma.

Siku moja, wakiwa bado wanangojea hilo la kulia, Sultani alishuka kwenye pikapu yake mbele ya hospitali. Alimkuta daktari barazani na Vitalis pembeni yake.

"Vichupa nimeviondoa," alisema kwa sauti ya chini. "Vyote. Basi tuyamalize hapa, Daktari. Nasikia unataka kuandika kwa mganga mkuu wa wilaya."

"Nitaandika," Claudia alisema. "Na nitakusomea kabla sijapeleka, ili usiseme nimekusengenya. Nimeshaandika pia kuhusu zahanati, kwamba wagonjwa hawaelezwi kwa nini dawa ile ina mwisho. Kosa si lako peke yako. Lakini ile ni dawa ya cheti, Bwana Sultani, na wewe umeiuza kama chumvi."

"Nimeigawa bure!"

"Hapo ndipo panaponitisha. Wengine wako wapi?"

Vitalis aliruka kutoka kwenye benchi kama aliyeng'atwa na siafu. Wengine! Kwa nini hakuwaza? Chumba kile cha kuvalia jezi, kichupa kikipita mkono kwa mkono kama karanga! "Daktari, timu nzima!"

Juma lile lile walipanda Newala. Vitalis aliwakusanya wachezaji kwenye darasa la shule, akawalaza juu ya madawati, na aliyetaka kukimbia alimshika yeye mwenyewe kwa mikono ile mikubwa. Daktari akapima mmoja baada ya mwingine. Mzima. Mzima. Mzima. "Si kila jicho linapandisha presha kwa dawa hii," alieleza, na kila aliyeinuka alitoka akipiga kelele za ushindi. Alikosekana mmoja tu: Lukmani, winga wa kushoto, kijana ambaye klabu moja ya Dar es Salaam ilikuwa imeahidi kumjaribu. Lukmani hakupulizia salfa. Aliyatumia matone ili macho yake yawe meupe mbele ya wasichana, na alikuwa na vichupa vyake mwenyewe. Aliposikia habari ya daktari, alikimbilia kwa mama yake, kijiji cha Chiwata.

Kabla hawajamfuata, jicho la kulia la Vitalis likafika kwenye kisu.

Alikuwa macho muda wote. Jicho lilikuwa na ganzi, uso umefunikwa kitambaa chenye tundu, na alichosikia ni sauti ya Claudia akimweleza kila hatua, kama mtangazaji wa redio anayetangaza mechi. "Sasa nafungua mlango mdogo juu, chini ya kope, maji yapate pa kutokea. Usisogee. Vizuri. Hapo, hapo..." Kisha, "Yanapita! Vitalis, yanapita!" Muuguzi akacheka, Claudia akacheka, na Vitalis, ambaye hakutakiwa kusogea, alilala kama gogo huku machozi yakilowesha sikio.

Kesho yake bandeji ilipofunguliwa na presha kupimwa, Agatha alikuwa amesimama mlangoni. Daktari aliinua kidole gumba. Agatha alipiga kigelegele kilichowaamsha wagonjwa wa wodi ya pili, na hakuna aliyemkaripia.

Siku aliyoruhusiwa kutoka, Claudia hakuwapeleka moja kwa moja nyumbani. "Tunapita Chiwata," alisema. "Nimengojea vya kutosha."

Mama Lukmani alikuwa anachemsha ming'oko, viazi vya porini, nje. "Shikamoo, mama," Vitalis alisalimia, jicho moja limefunikwa kifuniko cha plastiki.

"Marahaba. Lukmani hayupo."

Nyuma ya nyumba kuku wakapiga kelele, na Vitalis, kwa jicho moja lenye uoni finyu, akageuza kichwa kizima kama bundi, akamwona kijana anaruka ua. Daktari akataka kusema kitu, akachelewa. "Lukmani!" Vitalis alinguruma. "Ukikimbia nakufuata! Na daktari amenikataza kukimbia, jicho likipasuka ni juu yako!"

Lukmani akasimama, mguu mmoja ng'ambo ya ua.

"Sitaki kuambiwa," alisema. Sauti ilikuwa ya mtoto. "Nikiambiwa nimekwisha, Dar siendi tena."

Claudia akamsogelea. "Sitamwambia mtu yeyote wa Dar. Sitamwambia hata kipa wako, usipotaka. Nitakuambia wewe tu. Ukweli wote, mzuri na mbaya."

Lukmani akamtazama mama yake. Mama akaweka mwiko chini. "Lala upimwe," alisema.

Wakamlaza kwenye mkeka. Mshale ulipanda, ukapanda, na Vitalis, aliyekuwa ameshazoea kuusoma uso wa Claudia, akaona amebana midomo. Presha ilikuwa juu, macho yote mawili. Daktari akachukua kitochi, akainama. Alichungulia kwa muda. Akahamia la pili. Ming'oko ilianza kuungua na hakuna aliyegeuka.

Claudia akainuka, akamnong'oneza Lukmani sikioni. Kijana akabaki amekodoa macho, kisha akaketi ghafla na kupiga ukelele.

"Mishipa mizima! Anasema mishipa mizima!"

"Presha iko juu, sikia vizuri," Claudia alisema, akicheka na kufuta jasho. "Unaacha matone yale leo, unaanza haya, na utapimwa hadi nitakaposema basi. Mara nyingi yakiachwa mapema presha inashuka yenyewe. Lakini hujapoteza kitu. Hata chembe! Cheza mpira!"

Vitalis alimnyanyua kijana mkekani kama kombe, akamzungusha, na Agatha akaanza kuimba, na mama Lukmani akalia na kucheka kwa pamoja.

"Wewe!" Claudia akapiga kelele kuliko wote. "Mweke chini! Nimekushona jicho juzijuzi! Hakuna kubeba mtu! Vitalis!"

Akamweka chini. Lakini aliendelea kurukaruka kidogo, akidhani daktari haoni.

Kazi haikuishia hapo. Barua ya Claudia ilifika wilayani, duka la Sultani likafungwa kwa muda, likafunguliwa tena chini ya mfamasia aliyeajiriwa kutoka Lindi. Sultani alinuna. Alizichukua tena jezi zake, na timu ikacheza mechi iliyofuata na fulana za rangi kumi na moja tofauti, ikashinda, Lukmani akifunga. Vitalis hakurudi golini. Alifundisha makipa wadogo, na shambani mashine akaibeba mdogo wake.

Msimu wa korosho ulipokaribia, Claudia alitangaza siku ya kupima macho pale pale uwanjani, kwa yeyote aliyewahi kununua matone yale, na kwa ndugu wa yeyote aliyepofuka bila sababu kujulikana, maana glakoma nyingine hutembea ndani ya ukoo. Vitalis alizunguka na kipaza sauti tangu mawio, Makote hadi sokoni. Watu walikuja kwa miguu, kwa baiskeli, wengine wakidhani kuna mechi. Foleni ilianzia kwenye goli, ikapita katikati ya uwanja, ikapinda kwenye bendera ya kona. Vitalis aliipita akitangaza kama redio: "Huyu kashuka mezani mzima! Huyu anaandikiwa dawa, bado ana macho yake, mpigieni makofi! Huyu bibi anaona kuliko refa wa Masasi!"

Jua lilipokuwa kali, pikapu ikasimama karibu na stoo. Sultani akashuka, akazunguka upande wa pili, akamteremsha mama yake mzee aliyekuwa akipapasa mlango wa gari kwa vidole. Watu wa mbele wakaanza kumpisha, kwa mazoea.

Vitalis akamsogelea. Walitazamana. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ile ya barazani.

"Shikamoo, bibi," Vitalis alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nani huyu?"

"Kipa," Sultani alijibu badala yake. Akaitazama foleni, ndefu, yenye vumbi. "Mwisho uko wapi?"

"Pale kwenye bendera. Bibi atapewa kiti. Wewe utasimama."

"Najua," alisema Sultani, akamshika mama yake mkono, wakaanza kwenda pale.